Betri ya mashine ya boti inakufa nikiilaza siku tatu, nimeshanunua mbili

Mvuvi wa Mtera
Wakuu habari za leo, naombeni msaada maana hili jambo linanimaliza hela. Nina boti ya faiba hapa bwawani Mtera upande huu wetu wa Dodoma, mashine ni HP 40 ile ya kuchanganya oili na petroli, ina stata ya umeme na kamba pia ipo. Nikitoka kutoa nyavu asubuhi nikaizima, jioni yake naiwasha inapiga mara moja tu imewaka, ila nikiilaza kuanzia Jumamosi mpaka Jumanne nikibonyeza stata inasema ka ka ka basi. Navuta kamba inawaka palepale kwahiyo plagi na karbureta sina shida nazo. Fundi wa kwanza akasema betri imechoka nikanunua N70 mpya, ikavumilia kama mwezi ikaanza yaleyale, nikanunua nyingine nayo imeanza juzi. Vilivyofungwa ni taa mbili za LED, pampu ya kutoa maji ndani ya boti, kale kaskrini ka kuonesha samaki na soketi ya kuchajia simu, na vyote nazima kabla sijashuka. Kinachonipa hofu mnakijua, upepo wa huku ukiamka mchana halafu mashine ikuzimikie katikati ya vile visiki vya miti iliyozama, kamba yenyewe unavuta huku boti inasukumwa.

Jembe la Kibaigwa
Pole mkuu. Betri feki zimejaa siku hizi. Chukua N100 ya lori ufunge uone kama itakusumbua tena.

Fundi Waya Dom
Mkuu usinunue betri nyingine kwanza, nakuomba. Hata ukifunga ya lori itachelewa tu kufa, badala ya siku tatu itakuwa tano na hela imekwenda. Betri mbili mpya haziwezi kufa kwa mtindo mmoja kwa bahati mbaya, kuna kitu kinakunywa umeme mashine ikiwa imelala. Na betri ya kuwashia haijatengenezwa kushushwa chini namna hiyo kila wiki, ndo maana ile ya kwanza ilivumilia mwezi halafu ikachoka kweli.

Tafuta mita ya fundi, hata ile ya bei ndogo. Ukitoka majini zima kila kitu, subiri kama saa moja mbili hivi halafu pima volti kwenye vichwa vya betri, ikijaa utaona 12.6 mpaka 12.8. Ukiona 12.2 ujue nusu imeshaondoka. Kisha toa waya wa hasi kwenye betri, hamisha waya mwekundu wa mita uweke kwenye tundu la ampea 10, ncha moja gusisha kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye ule waya uliotoa, yaani umeme wote upite ndani ya mita. Tafadhali SANA usibonyeze stata mita ikiwa hapo, stata inakula ampea nyingi mno utaunguza fyuzi ya mita au mita yenyewe. Boti iliyolala inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri kabisa. Ukiona namba kubwa anza kung'oa fyuzi mojamoja huku unaangalia mita, ile itakayoshusha namba ndo mwizi wako.

Halafu washa mashine, iongezee moto kiasi, pima volti tena kwenye betri. Ikichaji vizuri inakaa kama 13.8 mpaka 14.5. Usipime ikiwa inaunguruma taratibu maana hapo nyingi hazichaji kitu cha maana.

Swali moja, hiyo betri imewahi kufungwa kinyume, hata kwa sekunde moja?

Kijana wa Migoli
Kaka mimi niko ng'ambo ya pili Iringa, yangu ilikuwa pampu. Wengi tunaifunga moja kwa moja kwenye betri ili itoe maji yenyewe usiku, sasa ile swichi ya boya ikinasa na takataka inabaki juu, pampu inazunguka kavu usiku kucha na wewe umelala nyumbani. Inua lile boya kwa mkono uachie uone kama linashuka lenyewe.

Mama Perege
Mwanangu na mgongo wa betri usafishe. Nina boti mbili, vijana wanairudisha betri imelowa maji ya bwawa na tope, uchafu ule ukiunganisha kichwa na kichwa umeme unavuja polepole. Naifuta kwa maji yenye magadi kidogo, nahakikisha vifuniko vimekazwa yasiingie ndani, halafu nakausha. Na mpaka upate jibu usitoke bila kasia na mtu wa pili.

Mvuvi wa Mtera
Shikamoo mama, nimesafisha kweli ilikuwa na tope, na kasia lipo. Fundi nimeazima mita kwa jamaa wa redio. Jumamosi jioni volti 12.7, leo Jumanne asubuhi 12.2. Boya la pampu linashuka vizuri. Ampea imesoma 0.38 kila kitu kikiwa kimezimwa!! Nimeng'oa fyuzi zote nne, ya skrini imeshusha 0.01 tu, zingine hazijagusa kitu. Mashine ikikimbia volti 13.0 haipandi hapo. Kuhusu kinyume, ndio, masika yaliyopita kijana wangu alichukua umeme kwenye pikapu akagusisha waya vibaya, ikatoa cheche, fyuzi kubwa ikaungua tukabadilisha mashine ikawaka tukaona yameisha.

Fundi Waya Dom
Hayajaisha mkuu, yalianzia hapo. Piga hesabu, 0.38 mara masaa 24 ni kama ampea-saa 9 kwa siku, siku tatu ni 27, na N70 hiyo inabeba kama ampea-saa 70, yaani karibu asilimia 40 imeondoka, na ndo 12.2 uliyoiona. Namba zinakubaliana zenyewe.

Sasa fungua kava ya mashine tafuta rektifaya, kile kidude kinachogeuza umeme wa koili, ile inayozalisha umeme mashine ikizunguka, uweze kuingia kwenye betri. Ndani yake kuna dayodi ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ukifunga betri kinyume umeme mkubwa unazipitia zote kwa pamoja, zikiungua nusu zinaanza kuvujisha huku na huku, kwahiyo mchana inachaji kwa shida na usiku inarudisha umeme kwenye koili. Fanya hivi, kesho alfajiri kabla hujawasha chochote shika hiyo rektifaya kwa mkono uone kama ina joto. Halafu mita ikiwa palepale chomoa waya wake mwekundu unaokwenda kwenye betri.

Usije ukachomoa betri mashine ikiwa inawaka, hiyo nayo inaua rektifaya.

Mvuvi wa Mtera
Fundi Mungu akubariki. Saa kumi na moja alfajiri, baridi, chuma chote cha mashine kimepoa ila hicho kidude kina UVUGUVUGU kabisa kama kimetoka juani. Nimechomoa waya mwekundu, mita imeshuka mpaka 0.01.

Fundi Waya Dom
Ndo huyo. Badilisha kwa inayofanana na mashine yako, usibandike ya pikipiki. Kwa sasa ukirudi nchi kavu toa waya wa hasi, na ukipata nafasi funga swichi kuu ya betri.

Mvuvi wa Mtera
Mrejesho wakuu. Rektifaya imefungwa wiki iliyopita, ikikimbia inasoma 14.2. Nimeilaza Ijumaa mpaka Jumatano makusudi, nimebonyeza stata mara moja imewaka. Nyaya za kuazimia umeme nimezipaka rangi, nyekundu na nyeusi, hata gizani na tochi mtu aone. Swali la mwisho, zile betri mbili za zamani zinafufuka?

Fundi Waya Dom
Angalia maji, ongeza yale ya betri tu sio ya bomba, chaji kwa ampea 6 au 7 usiku mzima, ziache zitulie siku nzima ndo upime.

Mvuvi wa Mtera
Moja imesimama 12.6, hiyo narudisha kwenye taa za nyumbani. Nyingine 10.6 haipandi.

Fundi Waya Dom
Hiyo chumba kimoja kimekufa, peleka kwa wanaonunua betri chakavu.