Modeli ya Shannon na bodaboda dirishani

Mwl_Chaki: Walimu wenzangu, nimewachorea kidato cha tano modeli ya mawasiliano ya mwanahisabati Shannon ya 1948: chanzo, kisambazaji, njia, kipokezi, mlengwa. Wananakili vizuri, ila nikiuliza "kelele" ni nini, wananionyesha bodaboda dirishani. Nifanyeje?

BibiSomo: Bodaboda si kosa, mwalimu! Kelele ni chochote kinachoharibu ujumbe njiani. Ongeza mkwaruzo wa simu. Shannon alikuwa kwenye maabara ya kampuni ya simu. Mimi huwapanga wanane, namnong'oneza wa kwanza: "Mjomba kaleta mbuzi." Juzi wa mwisho katangaza: "Mjomba kalewa Mbezi." Darasa zima mbavu hatuna.

Kibatari: Hapo hapo waulize mbona hakuna aliyesema "rudia". Ndipo umlete Schramm, mtaalamu mwingine wa mawasiliano, wa 1954 na mrejesho wake, yaani jibu la mpokeaji kwa mtumaji.

Mwl_Chaki: Ahsanteni. Kesho mbuzi anaingia darasani.