Naomba ushauri: vifaa vya kielektroniki vya kuhesabu unawaji wa mikono wodini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi kisiwani Pemba, na nimekabidhiwa kusimamia usafi wa mikono. Hadi sasa nakaa pembeni na karatasi, nikiangalia zile nyakati tano za kunawa, kama vile kabla na baada ya kumgusa mgonjwa, zilizomo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, lakini kila ninaposhika kalamu wenzangu hunawa vizuri kuliko kawaida. Juzi, nikiwa sina karatasi, nilimwona mmoja akitoka kwa mzazi na kumshika kitovu mtoto wa kitanda cha pili kwa mikono ileile. Iliniuma sana.

Sasa tumeahidiwa vifaa vinavyofungwa kwenye chupa za kitakasa mikono, ambavyo huhesabu kila mbonyezo, mchana na usiku. Faida naiona, ila kifaa hicho hakijui kama aliyebonyeza alikuwa anakwenda kumgusa mgonjwa au anapita tu. Na zile beji za kielektroniki anazovaa mhudumu, zinazomfuata kila mtu na kurekodi nani amenawa, nachelea wenzangu watajiona wanapelelezwa.

Mliowahi kuvitumia, je, takwimu mlizionesha kwa wodi nzima au kwa mtu mmoja mmoja? Na pale ambapo umeme hukatika na maji ni ya ndoo, mlianzia wapi?