Eti alama za cheni ya taimingi, ile inayofanya vali za injini zifunguke na kufunga kwa wakati wake, "ni za wanafunzi"! Yule fundi amenijibu hivi leo, mbele ya watu!

Wakuu, jina simtaji. Wote mnamjua. Yule yule wa ovaroli ya bluu iliyochanika mfukoni, anayefungua injini tano kwa mpigo huku simu iko sikioni. Nusu ya Toyota Crown za jiji hili zimepita mikononi mwake, na nusu hiyo hiyo ndiyo mnaiona kila jioni inavutwa kwa kamba.

Nimetoka kwake sasa hivi. Nimerudi na bodaboda, gari limebaki kule limekufa.

Crown yangu ni ya injini ya 4GR, ile V6 (silinda sita, tatu kila upande) ya cc 2,500. Ilikuwa inakula oili, tukakubaliana afungue abadilishe ringi za pistoni. Kufungua alifungua, nani asiyejua kufungua? Shughuli iko kwenye kurudisha. Injini hii haina cheni moja kama IST. Inazo tatu: ile kubwa inatoka kwenye krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapanda mpaka hedi zote mbili, vile vichwa vya injini vyenye vali, halafu kila hedi ina cheni yake fupi inayounganisha kamshafti (shafti inayosukuma vali) ya vali za kuingiza hewa na kamshafti ya vali za kutoa moshi. Cheni zina pingili zilizopakwa rangi, gia zina alama zake. Pingili ya rangi inakaa kwenye alama, basi! Kiwandani wamefanya kila kitu, wamebakiza kuja Dar kumshika mkono.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikaona kwa macho yangu, hedi ya upande wa abiria, pingili ya rangi imekaa jino la pili na alama iko jino la kwanza. Nikamwambia kwa adabu zote, "Fundi, hii mbona haijakaa kwenye alama?" Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba. Akafuta mikono kwenye tambara, taratibu. Akasema:

"Mama, hizo alama ni za wanafunzi."

ZA WANAFUNZI!

Vijana wake wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mimi mwenye gari, mwenye hela, niliyenunua mpaka soda zao wanazokunywa, nachekwa! Yaani wahandisi wa Japani waliochora ile injini wote ni wanafunzi, profesa ni yeye peke yake na tambara lake.

Nikamwomba basi azungushe krenki kwa mkono, aweke spana kwenye bolti ya puli, mizunguko miwili kamili ili kamshafti zimalize mmoja. Kama vali inakutana na pistoni, spana inagoma, unaacha hapo hapo, hujaharibu kitu. Unajua alichosema? "Mama, tutakesha." Akapaka silikoni, akafunga kava, akaita kijana apige starti.

KAKAKAKAKA! Mtaa mzima uligeuka. Muuza mihogo wa ng'ambo ya barabara aliacha kikaango chake akaja kuangalia. Na yeye anasema nini? "Ongeza!" Injini inalia vile, mtu anasema ongeza! Ikawaka inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, ikazima. Tukapima komprisheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye silinda, upande ule wa abiria geji haipandi. Vali zimepinda. Na sasa anataka hela nyingine ya kufungua hedi, anasema spea nilizoleta ni feki.

Mama, hizo alama ni za wanafunzi. Nitamsikia huyu mtu mpaka kaburini.

Spana Kumi na Nne: Pole sana dada. Ila tuseme ukweli, jino moja kwenye ile cheni fupi si rahisi kupinda vali za upande mzima. Mara nyingi linakuletea misi, injini kukatakata, na taa ya injini. Mimi nahisi alisahau kuchomoa pini ya tenshena, kile kikaza cheni. Ukifunga, tenshena inabanwa kwa pini ili upate nafasi ya kuvalisha cheni, kisha unaichomoa isukume. Ikibaki imebanwa cheni inalegea, ukipiga starti inaruka meno kadhaa. Akifungua, angalieni hiyo pini kwanza.

Mleta uzi: Kaka asante, ila sikuuliza ni meno mangapi. Nilimwonyesha kwa kidole, akasema ni za wanafunzi!

Chuma Chakavu: Kwa hiyo mama mwenye kilemba alikuwa anamfundisha fundi taimingi. Si ungefunga mwenyewe? Nyie ndio mnaofanya mafundi wakoroge kazi, mtu anahesabu meno wewe uko mgongoni unapumua.

Mleta uzi: Alikuwa hahesabu meno, alikuwa anaongea na simu! Na kama mgongoni pangekuwa na watu kumi wa kumpumulia labda leo ningekuwa na gari.

Spana Kumi na Nne: Kitu kingine kwa wanaosoma. Ukishazungusha ile mizunguko miwili, usishtuke kuona pingili za rangi zimehama. Hazirudi mahali pake mpaka injini izunguke sana, kwa sababu pingili za cheni hazigawanyiki sawa na meno ya gia. Pingili za rangi ni za wakati wa kuvalisha tu. Baada ya hapo unaangalia alama za gia na sifuri ya puli. Kuna jamaa hapa alifungua upya injini iliyokaa sawa kabisa kwa sababu hiyo.

Bahari Haishi Zinge: Huyo jamaa namjua. Naye simtaji.

Mzee wa GX100: Ndiyo maana mimi na injini yangu ya 1G hatuachani. Mkanda, sio cheni. Kilomita laki moja zikitimia unabadilisha, unaona alama zote mchana kweupe, hakuna kava la kupaka silikoni. Nyie mlikimbilia V6 mkaona sisi washamba.

Chuma Chakavu: Mzee, hiyo GX100 yako iko juu ya mawe tangu mvua za masika. Tunapita kila siku, kuku wametagia ndani.

Mzee wa GX100: Inasubiri kioo. Injini haijawahi kuguswa!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Alisema alama ni za wanafunzi. Hakuna anayemshangaa?

Makanika wa Thika: Pole dada. Huku kwetu Kenya kuna mmoja alinifungia Mark X, injini hiyo hiyo ya 4GR, akaacha bolti moja imebaki juu ya meza. Nikamuuliza hii ni ya wapi, akaniambia Toyota huweka za ziada.

Mleta uzi: Sasa wewe uliambiwa na nani ni mwanafunzi? Wewe uliambiwa ni ya ziada tu. Una bahati.

Fumo la Tanga: Afadhali nyie mna cheni. Mimi giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyobadilisha gia kwa hatua, imemwagiwa oili ya giaboksi ya kawaida. Fundi akasema oili ni oili, zote nyekundu. Gari sasa likipanda mlima linalia kama mbuzi, na kwetu milima ndiyo barabara.

Bahari Haishi Zinge: Mafundi wa magari wana nafuu. Wa AC alinijazia gesi asubuhi, jioni joto limerudi. Nikampigia, akaniambia nifungue madirisha.

Asha Mwenye Nyumba: Mimi wa vigae! Kaanza kupanga sebuleni kutokea mlangoni, kufika ukutani vigae vimepinda mpaka kabati halikai. Nikamwambia hukuvuta kamba ya kunyooshea? Akasema jicho lake ni kamba tosha.

Chuma Chakavu: Wa vigae ana pikipiki nyekundu haina saidmira?

Asha Mwenye Nyumba: Huyo huyo!

Fumo la Tanga: Kofia ya kijani?

Asha Mwenye Nyumba: Ndiye! Mnamjuaje?

Mzee wa GX100: Alinijengea choo, mlango ukifunguka unagonga sinki. Inabidi uingie kiubavu.

Mleta uzi: Wakuu, Crown yangu.

Bahari Haishi Zinge: Subirini. Pikipiki nyekundu, kofia ya kijani, anapenda kusema "bosi usijali"?

Asha Mwenye Nyumba: Kila baada ya kigae!

Bahari Haishi Zinge: Yuko kwangu sasa hivi anakoroga saruji. Nishampa nusu ya hela.

Asha Mwenye Nyumba: MFUNGIE GETI. Nakuja.