Jumatatu ni sikukuu, nyumbani ni mbali, bajeti elfu kumi na tano. Nipumzike vipi hapa Morogoro?

BintiWaMuleba

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni.

Niko mwaka wa kwanza SUA, chuo cha kilimo hapa Moro, nakaa hosteli za Mazimbu. Kwetu ni Muleba, Kagera. Tangu nimeripoti sijarudi nyumbani, hata Krismasi nimekula hapahapa, maana basi ni zaidi ya siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi sina. Jumatatu tarehe 12 ni Mapinduzi, hakuna kipindi. Alhamisi nina test ya kemia.

Shida yangu ni kwamba huku sijui kupumzika. Nyumbani siku ya mapumziko hujipanga yenyewe. Asubuhi nafagia uwanja, mchana mama anamenya ndizi huku tunapiga stori, jioni tuko barazani. Huku nikikosa kipindi nalala hadi saa tano, naamka kichwa kinauma, nashika simu, mara jua limezama. Halafu moyo unanisuta: mama yuko kibanjani anapalilia, mimi nimelala.

Wenzangu wa chumbani wanakwenda Dar na treni ya SGR asubuhi, wanarudi usiku. Nina elfu kumi na tano tu, bumu (hela ya mkopo) bado. Niende nao? Nibaki nisome? Au kuna namna ya kupumzika hapahapa Moro?

MkaziWaKihonda

Marahaba binti. Dar achana nayo kwa sasa. Daraja la kawaida ni 13,000 kwenda, 13,000 kurudi, hapo hujanunua hata maji. Utaanza kukopa kwa ajili ya siku moja.

Kitabu_Kwanza

Test Alhamisi halafu unawaza matembezi? Mwaka wa kwanza ndio watu wanadisko, wanafeli na kuondolewa chuo. Funga mlango usome, utapumzika likizo.

FundiUdongo

Mimi nimesoma hapo miaka minne, na siku moja haikuwahi kumdiskosha mtu. Jumanne na Jumatano zipo, soma hizo.

Jumatatu panda njia ya Morningside, kule milima ya Uluguru. Amka saa kumi na moja, chukua daladala ya mjini, kisha shika barabara ya Boma upande wa mlimani. Lami ikiisha unafuata njia ya miguu. Uwe umeanza kupanda kabla ya saa moja, jua la Januari halina huruma. Kwa mwendo wa polepole ni kama saa mbili, na juu kuna nyumba ya zamani ya Wajerumani. Ukisimama pale mji wote uko chini yako.

Ila kwangu utamu wa safari ile ni njiani. Utapishana na akina mama wa Kiluguru wanashuka na mikungu ya ndizi na mafurushi ya mboga kichwani kupeleka sokoni. Wewe unahema, wao wanaongea. Wasalimie, ni watu wakarimu sana. Na vijito unavyovuka pale ndivyo vinavyokwenda kujaza mto Ruvu, maji wanayokunywa watu wa Dar.

Mambo mawili: usiende peke yako, na usipite Morningside kuelekea kilele cha Bondwa, msitu wa huko juu ni hifadhi na unahitaji kibali.

MamaWawili_Moro

Mwanangu, mimi nimegota pale uliposema moyo unakusuta. Hata ukipanda mlima utapanda nao. Mpigie mama leo. Mwambie tu, "Jumatatu sina kipindi." Usiongeze neno, msikilize atasema nini.

Jirani_wa_Mazimbu

Kwani unajua unaishi wapi? Hizo hosteli zako zilikuwa shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Serikali yetu iliwapa eneo hilo mwaka 1977, wakapokelewa vijana waliokimbia kwao baada ya maandamano ya wanafunzi ya Soweto. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwetu, ikawa ya SUA. Wapo waliozikwa hapohapo bila kuiona tena nchi yao.

Jioni jua likipoa nenda makaburini, utulie kidogo. Mimi nikiwa na mawazo ya nyumbani nakwenda pale, na natoka nimetulia. Ni bure.

BintiWaMuleba

Mama Wawili, nimempigia. Nimesema kama ulivyonielekeza. Amecheka, akaniuliza, "Kwani mimi Jumapili nalima?"

Nimelia kidogo, jamani. Amesema pia kuna senene alizokaanga, zile za Novemba, amempa konda wa basi. Zitashuka stendi ya Msamvu kesho.

MamaWawili_Moro

Basi hapo kazi imeisha. Ndizi Bukoba zipo Soko Kuu la Kingalu. Hosteli hawaruhusu majiko, ila tafuta rafiki mwenye geto, chumba cha kupanga mtaani, mpike huko. Mnunue na maharage mabichi.

BintiWaMuleba

Wakuu, nimerudi na mrejesho, leo Jumatatu saa mbili usiku.

Tumetoka wawili, mimi na mwenzangu wa Songea. Morningside hatukufika. Tukiwa tumeshapanda zaidi ya saa nzima, ndala yake ikakatika, tukakaa kwenye kijito kuifunga kwa kamba ya mgomba. Maji ni baridi hadi vidole vinakufa ganzi. Tukaingiza miguu, tukasahau kuondoka. Nadhani tumekaa saa mbili, simu ikiwa kwenye begi. Mama mmoja alitua mkungu wake pale kunywa maji. Nikamwambia na mimi kwetu ni ndizi, akanihoji tunazipikaje, eti tunaweka nazi? Nikamweleza. Alipojua tutapika, akatukatia chane mbili kwa elfu mbili.

Tumepikia geto kwa dada mmoja wa mwaka wa pili. Wa Songea alikuwa anaogopa senene. Alianza na mmoja, akamshika kwa kucha mbili, akafumba macho. Mwishoni tulimnyang'anya sahani.

Makaburini nimekwenda saa kumi na moja. Nimekaa kwenye nyasi nikisoma majina na miaka, na wengi walikuwa vijana kama sisi. Sikuwa na haraka ya kuondoka.

Nimebakiwa na elfu sita. Wale wa Dar bado hawajafika. Fundi, nyumba ya Wajerumani tunaidai, ila safari ijayo tutavaa raba. Daftari la kemia liko kwenye begi, saa hizi naoga nilale.