Jina moja, maana tatu tofauti: nitajuaje ipi ni ya kweli?

Mkusanyaji12

Wakuu, salaam. Naandaa orodha ya majina ya watoto kama mia mbili hivi, kila jina na lugha lilikotoka na maana yake. Tatizo ni kwamba kila tovuti inasema lake. Asha: moja inasema "uhai", nyingine "tumaini", ya tatu "ukweli". Naomi linatajwa kuwa la Kiebrania, kwingine la Kijapani. Amina ni "mwaminifu" au "aliye salama". Maria ndiyo limenishinda kabisa, nimekuta uchungu, uasi, nyota ya bahari, tone la bahari na mpendwa.

Kuna utaratibu wa kufuata ili kujua ipi ni sahihi, au niandike zote nikizitenganisha kwa mkwaju (/)? Na majina ya Kiafrika yanayotokana na hali ya kuzaliwa niyaingizeje?

BinKamusi

Mkuu, mkwaju uache. Utamwambia msomaji kwamba jina moja lina maana tatu, wakati ulichonacho mkononi ni majina matatu yaliyogongana kwenye matamshi tu. Asha la Waswahili ni Aisha, kutoka Kiarabu عائشة, "anayeishi". Mzizi wake, yaani zile konsonanti (kwa kawaida tatu) zinazobeba maana ya msingi, ndio huohuo uliotuletea "ishi" na "maisha". Asha la Wahindi ni आशा, neno la Kisanskriti lenye maana ya tumaini. Asha ya tatu ni neno la Kiavesta, lugha ya maandiko ya dini ya Zoroaster, nalo hutaja ukweli na utaratibu wa ulimwengu. Kila moja lipe mstari wake.

Kabla hujauliza jina lina maana gani, uliza kwao linaandikwaje. Kwa majina ya Kiarabu hapo ndipo kazi yote ilipo, kwa sababu tahajia ya Kiswahili inameza mengi: ح na ه zote huwa h, na خ nayo mara nyingi huishia hapohapo, ع hupotea kabisa, irabu ndefu na fupi huandikwa sawa. Ndiyo maana Amina imekuchanganya. آمنة, yenye a ya mwanzo ndefu, ni "aliye salama", na ndilo jina la mama yake Mtume Muhammad. أمينة, yenye i ndefu, ni "mwaminifu". Mzizi wao ni mmoja, kwa hiyo ni ndugu, lakini ni majina mawili. Hakimu vilevile: حاكم ni mtawala au mwenye kuhukumu, حكيم ni mwenye hekima. Kwa Saidi hata undugu hakuna: سعيد ni mwenye heri, mzizi wake س-ع-د, ilhali سيد ni bwana, mzizi wake س-و-د. Na Jamali, جمال, ni uzuri. Ukiiacha ile alifu ya katikati umeandika جمل, ngamia.

Ukishapata herufi, toa mzizi, kisha tazama umbo, yaani irabu na viambishi vilivyouzunguka. Kamusi nyingi za Kiarabu hupangwa kwa mizizi, kwa hiyo ukitafuta Mahmudi kwenye M hutalipata, nenda ح-م-د (h-m-d). Hapo utakuta ukoo mzima: حامد (Haamid) anayesifu, حميد (Hamiid) mwenye kustahili sifa, محمود (Mahmudi) aliyesifiwa, محمد (Muhammad) asifiwaye mno, أحمد (Ahmad) mwenye sifa zaidi, maana umbo hilo ni la kulinganisha. Orodha za mtandaoni huandika "sifa" kwa yote matano zikaishia hapo, na kilichopotea ni kile hasa kinacholitofautisha jina moja na jingine.

Halafu Abdul. Hilo si jina kamili. Ni "mja wa…", maneno yaliyokatwa katikati, na ile l ya mwisho ni ya neno linalofuata. Liingize likiwa zima: Abdulrahmani, Abdulkarimu. Kosa hili huzaliwa hasa kwenye fomu zinazomlazimisha mtu kugawa jina lake vipande viwili.

MamaHerufi

Naongezea upande wa Biblia na Ulaya, kwa sababu huko tatizo ni la aina nyingine: jina limepita lugha nne au tano kabla ya kufika, na kila lugha imelikwangua kidogo.

Chukua Yohana. Kiebrania ni Yohanan, "Bwana amefadhili". Kigiriki kikaongeza mwisho wake wa kiume, likawa Ioannes, Kilatini Iohannes, kisha Juan, Giovanni, Jean, John, Ivan, Jan, Hans. Kwa Kiarabu Wakristo husema Yuhanna, Waislamu Yahya. Yote hayo maana yake itafutwe kwenye Kiebrania. Ukiitafuta maana ya "Hans" ndani ya Kijerumani utabuni kitu. Mfano mzuri zaidi ni Yakobo: Kiingereza kina Jacob na James kana kwamba ni watu wawili wasiohusiana, kumbe James ni Iacobus iliyogeuka Iacomus katika Kilatini cha baadaye. Biblia ya Kiswahili humwita babu wa Israeli Yakobo na mtume naye Yakobo, kwa hiyo msomaji wetu ameushika uzi ambao Mwingereza ameupoteza.

Angalia pia tofauti kati ya maana ambayo simulizi linaipa jina na asili ya neno lenyewe. Mwanzo 25:26 inalihusisha Yakobo na kisigino, na 27:36 inalihusisha na kulaghai. Wanaisimu wengi huliona kuwa ufupisho wa "Mungu na alinde". Kutoka 2:10 inalihusisha Musa na kutolewa majini kwa neno la Kiebrania, lakini wataalamu wengi wanaona ndani yake neno la Kimisri la "mwana, aliyezaliwa", lilelile lililomo katika jina la farao Thutmose. Yote mawili yana thamani. Yaandike yote, kila moja kwenye safu yake, na usiyaite kwa jina moja.

Maria: andika "asili haijaafikiwa". Kiebrania ni Miryam, na maana ulizozikuta ni makisio yaliyorundikana kwa karne nyingi. Wengine walisikia humo neno la uchungu, wengine la uasi, wengine neno la Kimisri la kupenda. Ile ya bahari ina kisa chake. Mtakatifu Yeronimo, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini aliyefariki mwaka 420, alilieleza kwa Kilatini kuwa stilla maris, tone la bahari. Baadaye ikasomeka stella maris, nyota ya bahari. Herufi moja tu, na hiyo nyota ikaingia kwenye sala na nyimbo za Kanisa. Kwa hiyo "nyota ya bahari" ni sifa yenye historia ndefu, ila usiipeleke kwenye safu ya asili ya neno.

Na majina ya Kijerumani cha kale usiyatafsiri kama sentensi. Yaliundwa kwa kuunganisha vipande viwili vilivyokubalika, mara nyingine kimoja cha upande wa baba na kimoja cha upande wa mama, bila kujali kama vinaleta maana vikikaa pamoja. Hildegund ni "vita" na "vita". Fredegund ni "amani" na "vita". Ukikuta orodha inasema Fredegund ni "apiganiaye amani", aliyeiandika alijaza pengo mwenyewe. Andika vipande viwili na uishie hapo: William ni utashi na kofia ya chuma.

Kuna yaliyobuniwa kabisa. Vanessa lilitungwa na mwandishi Jonathan Swift katika karne ya 18 kwa kuunganisha Van, kipande cha jina la ukoo la rafiki yake, na Essa, ufupisho wa Esther, jina la rafiki huyohuyo. Anayelitafutia mzizi wa Kigiriki anapoteza muda.

Mkusanyaji12

Dada MamaHerufi, BinKamusi, nashukuru sana. Naomi je? Nalo nilipe mistari miwili?

MamaHerufi

Miwili, naam. La Kiebrania ni נעמי, na linahusu upendezi. Katika Ruthu 1:20 mwenye jina mwenyewe anasema asiitwe Naomi bali Mara, yaani chungu, na mchezo huo wa maneno ndio ushahidi kwamba wasikilizaji wa wakati ule waliisikia maana ya jina. La Kijapani huandikwa mara nyingi 直美, "nyoofu" na "uzuri", na halina uhusiano wowote na lile.

Kwa Kijapani na Kichina, sauti peke yake haitoshi kabisa. Yuki linaweza kuwa 雪, theluji, au 幸, furaha na bahati njema. Wei la Kichina linaweza kuwa 伟, adhimu, au 薇, jina la mmea, na mengine mengi. Na Kijapani ni kigumu kotekote, kwa kuwa hata ukiwa na herufi bado hujui zinasomwaje. Ndiyo maana tangu 26 Mei 2025 sajili ya familia huko Japani inadai matamshi yaandikwe pamoja na herufi. Kama huna herufi za jina, acha safu ya maana wazi.

NyuziZaJina

Swali la majina ya Kiafrika halijaguswa, nalo ndilo linaloharibiwa zaidi. Tenga mambo mawili: neno linasema nini, na kwa nini mtoto huyu alipewa. Tazama mvua. Okoth la Wajaluo (msichana Akoth), Nomvula la Wazulu na Nyambura la Wakikuyu yote yana mvua ndani yake: koth, imvula, mbura. Okoth kwa kawaida hutaja mvua ya siku ya kuzaliwa. Nyambura sivyo. Kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama, kwa hiyo Nyambura anaweza kuzaliwa katikati ya kiangazi na jina likawa sahihi kabisa. Ukiandika "aliyezaliwa wakati wa mvua" kwa yote matatu umekosea kwa mmoja wao, na umefuta habari kubwa zaidi, kwamba jina linamrudisha bibi.

Mengine ni nafasi ya mtoto. Kulwa na Doto ni mapacha wa Kisukuma, wa kwanza na wa pili. Taiwo na Kehinde ni mapacha wa Kiyoruba, lakini hapa kuna jambo la kuandika: Taiwo hutoka kwanza na bado Kehinde huhesabiwa mkubwa. Taiwo ni ufupisho wa maneno yanayosema "onja dunia", yaani katumwa kuchungulia. Ukilitafuta kama neno moja kwenye kamusi hulioni, lifumue kwanza.

Majina ya siku yana faida ya kipekee: unaweza kuyahakiki kwa kalenda. Kofi la Waakan wa Ghana ni la mvulana wa Ijumaa, Kwame wa Jumamosi. Kofi Annan alizaliwa 8 Aprili 1938, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kwame Nkrumah aliandikiwa na kasisi tarehe 21 Septemba 1909, ambayo ni Jumanne. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alizaliwa Jumamosi ya katikati ya mwezi, kwa hiyo siku yake inaelekea kuwa tarehe 18. Jina lilisahihisha rejista.

Kwa Hamisi uangalifu kidogo. Linatoka Alhamisi, na neno hilo kwa Kiarabu ni "ya tano", ikihesabiwa kutoka Jumapili. Jumatano yetu nayo ni ya tano, ikihesabiwa kutoka Jumamosi. Nimeona orodha iliyomfanya Hamisi kuwa mtoto wa Jumatano kwa sababu hiyo.

Mkusanyaji12

Basi safu zangu zitakuwa: jina, maandishi ya kwao, lugha, neno linasema nini, hutolewa kwa sababu gani, na kiwango cha uhakika. Asha mistari mitatu, Amina miwili, Naomi miwili. Maria safu ya nne naiacha na "haijaafikiwa", tone na nyota vinakwenda kwenye maelezo.

BinKamusi

Sawa kabisa. Ongeza safu moja tu: njia lililopitia. Yahya na Yohana wakae kurasa tofauti, lakini msomaji aone kwamba wote wawili walitoka kwa Yohanan.