Naomba ushauri: niseme au ninyamaze?

Habari zenu wakuu. Sanduku la kikoba chetu lina kufuli tatu, ufunguo mmoja ninao mimi. Wiki moja nilifunga noti kwa uzi mweupe. Jumamosi iliyofuata tukazikuta na raba nyekundu. Hesabu ikatimia, hakuna aliyeshtuka.

Tatizo, katikati hapo nilienda msibani nikamwachia wifi yangu ufunguo, na yeye ndiye mweka hazina, sanduku linalala kwake. (Wenye funguo nyingine mbili nao sijui walimwachia nani.)

Nikisema, najichongea na nyumbani patawaka. Nikinyamaza, je, Desemba kwenye mgawo pesa ikipungua? Nimwite wifi pembeni kwanza au niende kwa mwenyekiti? Mume wangu bado sijamwambia.