Fifwili au tela ya gololi kwa familia, na baridi ya Minnesota ikifika niiweke wapi?

Babu_Ndogo_MN
Wakuu salaam. Mimi na mama watoto tumeamua mwaka huu tununue nyumba ya kuvuta, maana hoteli zinatumaliza na watoto wanakua. Kiangazi tunataka twende Itasca, tushuke Badlands na Black Hills kule South Dakota, na Mungu akipenda tufike Yellowstone. Mezani kuna mbili. Ya kwanza ni fifwili ya 2017, ile ambayo shingo yake inakaa juu ya boksi la pikapu. Ina futi 34 na slaidi tatu (vyumba vinavyosukumwa nje kuongeza nafasi), mwenyewe anasema umri umemwambia apumzike. Ya pili ni tela ya kawaida ya 2021 ya kufunga kwenye gololi nyuma ya bampa, futi 27. Bei zinakaribiana. Halafu kuna suala la baridi: karibu na kwangu kuna uwanja wa wazi wa kuhifadhia, na kuna mwingine wenye paa ambao bei yake ni karibu mara mbili. Muuzaji wa fifwili anataka jibu Jumamosi. Nishaurini.

MzeeKingpini
Mkuu, umetaja kila kitu isipokuwa gari. Unavuta na nini? Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko chenye ukanda wa njano kinachosema watu na mizigo visizidi paundi ngapi. Lete namba hiyo, urefu wa boksi, na GVWR ya hiyo fifwili, yaani uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa. Bila hizo tunapiga ramli tu.

Simba_wa_Dallas
Chukua fifwili. Uzito unakaa juu ya ekseli ya nyuma ya gari, si nyuma ya bampa, kwa hiyo semi likikupita haikuyumbishi. Nimevuta ya gololi barabara kuu ya I-35 katikati ya Oklahoma siku ya upepo, mikono iliuma hadi kesho yake. Na ndani ya fifwili mtu mrefu anasimama bila kuinama. Kwa familia hakuna mjadala.

Nyota_ya_Duluth
Mjadala upo. Mna watoto wangapi? Mtasafiri mara ngapi kwa mwaka? Kama ni wiki mbili za Julai basi kodini kwanza, msimu mmoja, muone kama mnayapenda maisha hayo kabla ya kununua kitu kitakacholala miezi saba chini ya theluji.

Babu_Ndogo_MN
Watoto wanne, wakubwa wawili ni wa sekondari. Gari ni Ram 2500 ya dizeli, milango minne, boksi la futi 6 na inchi 4. Kibandiko kinasema 1,985. GVWR ya fifwili ni 12,400, ya tela ni 7,600. Dada Nyota, kukodi tulishakodi, ndiyo maana tunataka yetu.

MzeeKingpini
Sasa tuongee. Fifwili inaweka kwenye kingipini, ile pini ya shingoni inayoungwa kwenye gari, karibu asilimia 20 ya uzito wake. Kwa 12,400 ni kama 2,480. Kibandiko chako ni 1,985. Umeshapita kabla hujaingia wewe, mama, watoto wanne na ile sahani ya chuma ya kwenye boksi, ambayo peke yake inaweza kufika paundi 150 au zaidi. Tela ya gololi inaweka asilimia 10 hadi 15, yaani 760 hadi 1,140 kwa hiyo yako. Hapo bado mnaenea, ingawa si kwa kujimwaga.

Watu huona dizeli ina nguvu wakadhani imemaliza. Nguvu ya kuvuta unayo tele. Kinachoisha ni uwezo wa kubeba, na injini ya dizeli yenyewe ni nzito, imeshakula sehemu ya huo uwezo.

Jingine, boksi lako ni fupi. Ukikata kona kali kwenye kituo cha mafuta, pembe ya fifwili inaweza kugonga kioo cha nyuma cha kebini. Utahitaji sahani ya kuteleza, ile inayorudi nyuma unapokata kona.

Simba_wa_Dallas
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hiyo 10,000 ya GVWR kwenye 2500 ni ya daraja la usajili. Injini ni ileile ya Ram 3500. Mimi nina 2500, nimeweka mifuko ya upepo nyuma, navuta ya paundi 13,000 na gari limekaa sawa kabisa.

MzeeKingpini
Mifuko ya upepo inanyanyua mkia wa gari tu. Haiongezi breki, haibadilishi ekseli, na haifuti namba iliyoandikwa mlangoni. Tena Ram 2500 tangu 2014 ina springi za koili nyuma wakati 3500 ina springi za majani, kwa hiyo si gari lilelile. Babu Ndogo, pakia familia yote na vyombo, pita kwenye mizani ya CAT kwenye kituo chochote kikubwa cha malori, utapata karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Ni dola chache. Halafu amua kwa karatasi, si kwa maneno yangu wala ya Simba.

MamaKondo_StPaul
Jamani mnabishana springi wakati fifwili ya 2017 haijulikani paa lake likoje. Baba, nisikilize kwanza.

Sisi tulinunua iliyotumika kwa mtu binafsi. Tuliiona Agosti, jua kali, kila kitu kikavu, ndani wamebandika karatasi mpya za ukutani chumba cha mbele na kinanukia manukato. Tukafurahi. Baridi ikapita, Aprili tukafungua mlango tukapokewa na harufu kama ya gunia lililolowa. Mume wangu akaminya ukuta pembeni ya kitanda, kidole gumba kikazama. Nje, upande uleule, ukuta ulikuwa umevimba malengelenge makubwa kama sahani.

Fundi alipofungua, mbao za ndani zilikuwa zinapukutika mkononi kama majani ya chai. Maji yalikuwa yanaingilia juu kabisa, pale paa la mpira linapokutana na uso wa mbele. Gundi ya kuziba ilipasuka, ufa mwembamba kama ukucha. Fundi alituonyesha kwamba chini ya karatasi mpya kulikuwa na madoa ya zamani, yaani aliyetuuzia alijua. Bima ikakataa, wakasema kuvuja kwa polepole ni suala la matunzo, si ajali. Gharama ya kutengeneza ilizidi nusu ya bei tuliyonunulia. Mwenyewe hakupokea tena simu.

Kwa hiyo nenda na ngazi. Panda au chungulia, fuata gundi kuzunguka kila tundu la hewa, antena na mshono wa mbele. Nunua kipima unyevu, ni bei rahisi, pitisha kwenye pembe zote na ndani ya makabati ya juu. Kanyaga sakafu karibu na slaidi. Ukikuta karatasi mpya sehemu moja tu, uliza kwa nini.

Babu_Ndogo_MN
Mama Kondo, poleni sana. Hapo kwenye karatasi mpya umenishtua, maana chumba cha mbele kweli kimepakwa rangi upya.

Nyota_ya_Duluth
Basi hapo simama kwanza.

Kuhusu kuhifadhi: lipia paa kama unaweza. Theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, maji yanaingia kwenye kila ufa na kuupanua. Ukikosa, nunua kifuniko kinachopumua. Turubai la plastiki linafungia unyevu ndani, na upepo ukilipigapiga linakwangua gundi na rangi.

Maji ndiyo yanayoua hapa kwetu. Toa maji kwenye matangi yote, fungua hita ya maji na uimwage, kisha igeuzie njia ili dawa ya pinki ya kuzuia kuganda isiijaze bure. Ukitumia kompresa usizidishe psi 40. Pitisha dawa hadi kila bomba litoe pinki, pamoja na choo na bomba la kuogea la nje, ambalo wengi hulisahau. Mimina na kwenye mikunjo chini ya sinki. Betri itoe, ihifadhi ndani ikiwa imejaa. Ya asidi ikiwa tupu inaganda na kupasuka. Ya lithiamu usiichaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Panya nao watafuata joto, ziba kila tundu la waya na bomba kwa sufi ya chuma.

Simba_wa_Dallas
Huku kwetu adui ni jua na mvua ya mawe, na HOA, chama cha wenye nyumba mtaani, inayokataza kuegesha uani. Matairi yanazeeka yakiwa yamesimama. Soma namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi, 2317 maana yake wiki ya 23 mwaka 2017. Kama hiyo fifwili bado iko kwenye matairi yake ya kwanza, hesabu mapya kwenye bei. Tairi ikipasuka kwa kasi inapasua tumbo la chini na mabomba yote.

Kaka_Tunduma
Wakuu nawasoma kutoka Mbeya. Mimi ni dereva wa semi, Dar hadi Tunduma. Hiyo kingipini si ndiyo hii yetu? Huku ukishaunga lazima uchungulie kwa tochi kama taya zimeshika shingo ya pini, halafu unakamata breki za tela unavuta kidogo. Wenzetu wamedondosha matela kwa kuruka hatua hiyo. Je, hizo zenu zina breki za upepo?

MzeeKingpini
Ni ileile kaka, ndogo yake tu. Breki nyingi ni za umeme, zinaongozwa na kidhibiti ndani ya kebini. Kuna pia kamba ya dharura, tela likichomoka kamba inavuta pini na betri ya tela inakamata breki. Kwa hiyo betri mbovu ni hatari barabarani pia. Ushauri wako ni wa dhahabu, watu wa pikapu wengi hawavuti hata kidogo kabla ya kunyanyua jeki.

Salama_Sacramento
Samahani kuingilia. Tunahamia California na fifwili yetu ya GVWR 15,500. Leseni ya kawaida inatosha?

MzeeKingpini
Hapana dada. California fifwili ikizidi 15,000 inataka daraja A lisilo la biashara. Kati ya 10,001 na 15,000 ndiyo unaongezewa idhini kwenye daraja C.

Babu_Ndogo_MN
Mrejesho. Nimemuomba muuzaji nije na ngazi na kipima unyevu, amekubali Ijumaa jioni. Mama watoto bado anaitaka fifwili, jiko limemkaa moyoni. Kuna anayemfahamu mkaguzi wa kutegemewa upande wa Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul?

Simba_wa_Dallas
Uza 2500, chukua 3500, mke afurahi.

MzeeKingpini
Hapo tumekubaliana, ila achukue yenye boksi la futi 8.

MamaKondo_StPaul
Baba, mkaguzi yupo, nakutumia namba faraghani. Ijumaa usitoe hata senti ya kishika uchumba kabla hajapanda juu.